Rada ya VEGAPULS C 21 kwenye matangi ya Lubumbashi: asidi, mazutu na maji

Kwa tangi la asidi sulfuriki lenye urefu wa mita 4 hadi 12, linalokaa juani kutwa nzima na kunyeshewa tangu Novemba hadi Machi, kihisi cha kupimia kimo cha kimiminika tunachokipendekeza kwanza ni VEGAPULS C 21, rada ndogo ya kampuni ya VEGA ya Ujerumani. Kwa maji nacho kinafaa sana. Kwa mazutu (dizeli) kinafaa kwa masharti. Kuna matangi ambayo hakifai kabisa, nayo tutayataja.

Chombo chenyewe ni kidogo, mtu hukibeba kwa mkono mmoja. Mwili wake ni wa plastiki ya PVDF na kebo imeunganishwa humo moja kwa moja, hakuna kifuniko cha kufungua wala kisanduku cha nyaya ambacho maji yangeingia. Hutuma mawimbi ya gigahezi 80, yakagonga uso wa kimiminika na kurudi, nacho hupiga hesabu ya umbali. Hupima hadi mita 15, kosa lake ni milimita 2 juu au chini, na huvumilia joto la nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 80 na mgandamizo hadi bari 3. Kinatumia nyaya mbili tu: zilezile zinazokipa umeme wa volti 12 hadi 35 ndizo zinazorudisha kipimo kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20, pamoja na mawasiliano ya HART, yaani data ya kidijitali inayopita juu ya nyaya hizohizo. Ndugu yake mdogo, C 11, huishia mita 8 kwa kosa la milimita 5 na hana HART. Kwa tangi la maji la hoteli huyo mdogo anatosha, usiongeze pesa.

Kwa nini rada, wakati vihisi vya mwangwi wa sauti ni vya zamani na mafundi wamevizoea? Kwa sababu ya hewa iliyo kati ya kihisi na kimiminika. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20, lakini katika nyuzi 35 huenda mita 352 na zaidi. Tofauti hiyo ni zaidi ya 2.6%, yaani sentimita 13 kwenye umbali wa mita 5. Watengenezaji huweka kipimajoto ndani ya kihisi ili kurekebisha hesabu, ila kipimajoto hicho husoma joto la pale juu, chini ya bati linalochomwa na jua, na hewa iliyo karibu na asidi haina joto hilo. Kihisi kinadhani sauti imekwenda mbio kuliko ilivyokwenda kweli, kinaongeza umbali, na kwenye paneli tangi linaonekana lina nafasi ambayo halina. Kwa asidi, hilo ni kosa la upande mbaya. Mvuke wa asidi nao hubadilisha mwendo wa sauti, na hapo kipimajoto hakisaidii. Rada haijali joto wala mvuke kwa kiwango ambacho fundi wa tangi atakiona.

Njia ya tatu ni kihisi cha presha kinachozamishwa chini au kufungwa ubavuni. Ni cha bei nafuu, na kwa kisima au tangi la maji ni chaguo halali. Lakini hakipimi kimo, kinapima uzito wa kimiminika kilicho juu yake. Mita 1 ya maji hutoa kilopaskali 9.8. Mita 1 ya asidi ya 98%, ambayo msongamano wake ni 1.84, hutoa kilopaskali 18. Kihisi kilichowekwa kwa maji kikitumbukizwa kwenye mita 3 za asidi kitasoma mita 5 na nusu. Ukirekebisha kwa 1.84, sawa, mpaka siku tangi lilelile litakapotiwa asidi ya 50%, ambayo msongamano wake unakaribia 1.4, na kipimo kitapungua bila tone kutoka.

Liko na jambo la mwinuko, na mafundi wengi wanaoagiza vihisi vya presha kutoka pwani hawalifikirii. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu hektopaskali 877 badala ya 1,013. Kihisi chenye kijibomba cha kupumulia ndani ya kebo hulinganisha presha ya ndani na hewa ya hapahapa, hakina shida. Lakini kile kilichozibwa kiwandani kwa presha ya usawa wa bahari kitaonyesha pungufu ya karibu mita 1.4 ya maji. Tangi lenye mita 1.3 litaonekana tupu. Ukinunua cha presha, dai chenye kijibomba, na mwisho wa kebo uwe ndani ya kisanduku kikavu chenye chujio la unyevu, la sivyo masika yataingiza maji humo na kipimo kitaanza kupotoka polepole.

Sasa mahali C 21 inapopungukiwa. Mazutu hurudisha kiasi kidogo tu cha mawimbi, karibu 3 hadi 4% ya nguvu, mengine yakapenya hadi chini. Maji na asidi hurudisha mengi zaidi. Kwenye tangi tulivu la mazutu lenye mita 3 hilo halina shida. Kwenye tangi refu lenye ngazi, mabomba na msukosuko, mwangwi dhaifu wa mazutu hushindana na mwangwi mkali wa chuma, na hapo lazima mafunzo ya tangi tupu, yaani kukifunza kihisi miangwi ya kupuuza kama tutakavyoeleza, yafanywe vizuri. Povu jembamba rada hulipita. Povu nene na zito hulichukulia kuwa ndio uso, au hulipoteza kabisa. PVDF huvumilia asidi sulfuriki vizuri kwa joto la kawaida, lakini soda kosti kali na yenye joto huila, na vimiminika vya jamii ya asetoni pia. Kwa hiyo usihamishe kihisi kutoka tangi la asidi kwenda la soda eti kwa kuwa vyote ni kemikali. Na kwenye matangi ya kutenganisha shaba kwa mafuta ya jamii ya kerosini, toleo la kawaida lisiwekwe. Agiza lenye cheti cha Ex, yaani cha kutumika penye hatari ya mlipuko, kinacholingana na eneo, pamoja na kizuizi chake cha umeme upande wa paneli. Cheti hicho kina thamani pale tu ambapo mzunguko wote wa umeme umejengwa kwa kukifuata.

Kufunga ndiyo sehemu inayoamua. Mwale wa C 21 una upana wa nyuzi 8. Ukipiga hesabu, kwenye umbali wa mita 5 doa lake lina kipenyo cha sentimita 70, kwenye mita 10 linafika mita 1.4. Chora duara hilo kwenye mchoro wa tangi kabla ya kukata bati. Ndani yake kusiwe na ngazi, bomba la kushukia, boriti wala mkono wa kichanganyio. Kaa angalau sentimita 20 kutoka ukutani, na zaidi ikiwa ukuta una kutu au mshono uliotokeza. Kwenye tangi lenye paa la kuba, usifunge katikati: kuba hukusanya mwangwi katikati na kuurudisha mara mbilimbili. Nusu ya njia kati ya katikati na ukuta ndipo pazuri. Usifunge juu ya mkondo wa kujazia, kwa sababu kihisi kitapima maji yanayoanguka.

Shingo ya tangi, yaani kipande cha bomba juu ya tangi ambacho kihisi hufungwa, ni chanzo cha malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa kihisi bila haki. Mafundi wa kuchomelea hupenda kuweka bomba la milimita 50 lenye urefu wa milimita 300, kwa kuwa ndilo lililobaki kwenye atelye. Mwale hugonga kuta za bomba hilo, na paneli huonyesha tangi limejaa siku zote. Shingo iwe fupi na pana: kwa kipenyo cha milimita 80, urefu usipite 200. Sugua ukingo wa ndani, shanga za kulehemu zitoke zote. Bora zaidi ni uso wa kihisi kutokeza ndani kidogo kuliko mdomo wa shingo. Kihisi kisimame wima kabisa, ukikagua kwa pimamaji, kwa sababu uso wa kimiminika umelala sawa na mwale uliopinda haurudi ulikotoka. Gasketi ya flanji kwenye asidi kali iwe ya PTFE au FKM, usiweke mpira wa EPDM.

Kwa matangi ya plastiki ya maji, yale ya lita 5,000 na 10,000 yanayoonekana kwenye paa kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, kuna nafuu moja nzuri: mawimbi ya gigahezi 80 hupenya polithini, kwa hiyo kihisi kinaweza kukaa nje, juu ya mfuniko, bila kutoboa kitu. Kiwekwe mahali pasipo mbavu za plastiki. Alfajiri, matone yakijikusanya upande wa chini wa mfuniko, mwangwi utadhoofika, kwa hiyo kagua mchoro wa mwangwi kwenye simu saa hiyo kabla ya kukubali kazi. Paa la chuma mawimbi hayalipenyi.

Baada ya shingo, adui wa pili ni radi. Mwili wa plastiki hauna cha kuungia ardhi, na kebo ndefu kutoka tangi hadi chumba cha paneli huokota kila mshtuko unaopita. Radi ikianguka hata mita mia kadhaa kutoka hapo, ardhi ya tangi na ardhi ya paneli hupanda kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia kihisi. Kinga ya radi ya volti 24 iwekwe pande zote mbili: moja ndani ya kisanduku karibu na tangi, nyingine ndani ya paneli. Moja peke yake hulinda upande wake tu. Waya wa ardhi wa kinga ya upande wa tangi uungwe kwenye mwili wa tangi lenyewe, uwe mnene, ulionyooka, usipite nusu mita. Ukizungushwa kwa madaha ili upendeze, hauna kazi. Nguzo ya ardhi ipimwe Septemba, wakati udongo mwekundu umekauka hadi ndani, kwa sababu kipimo cha Januari huwa kizuri mno na hudanganya. Ukipata zaidi ya omu 10 mwezi wa Septemba, ongeza nguzo kabla mvua za kwanza hazijaja na ngurumo zake.

Kebo iwe yenye ngao ya waya uliofumwa, na isilazwe pamoja na nyaya za mota, hasa mota zinazoendeshwa kwa kibadili mwendo. Unene wake usikusumbue. Kebo ya milimita za mraba 0.75 ina ukinzani wa takriban omu 47 kwa kilomita, kwenda na kurudi. Kwa chanzo cha volti 24 na kihisi kinachohitaji 12, mzunguko unaruhusu omu 545 kwenye mkondo wa juu wa miliampea 22. Kipokezi kikichukua 250, bado una karibu 295. Kwa hiyo pesa za kebo nene zihamishie kwenye ngao na kinga.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika, kipimo kisikatike, maana hapo ndipo jenereta inawashwa na mtu anataka kujua mazutu imebaki kiasi gani. Kihisi kinakula miliampea 22 tu kwa wingi. Betri mbili za volti 12 na saa-ampea 7, zikiungwa kwa mfululizo, kwa hesabu ya karatasi zinaweza kukilisha saa 318, siku 13. Ukiweka na kionyeshi utapata pungufu ya hapo, bado ni nyingi. Chanzo cha volti 24 kiwe chenye chaja ya betri ndani yake. Usikipe kihisi volti kutoka kwenye transfoma ya bei rahisi inayopandisha na kushusha kila SNEL inapotikisika.

Kuweka 0% na 100% hufanywa kwa simu kupitia Bluetooth, kwa programu ya VEGA Tools. Programu ni nyepesi, ipo kwa Kifaransa, na huonyesha mchoro wa mwangwi, jambo linalofaa kuliko yote mengine. Kodi ya kuingilia huja na chombo. Ipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye faili ya tangi siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi hutupwa pamoja na boksi.

Kinachoingizwa ni umbali kutoka kwenye kihisi. Kama sehemu ya kuanzia kupimia iko mita 6.20 juu ya sakafu ya tangi na bomba la kufyonzea liko sentimita 30 kutoka chini, 0% ni umbali wa mita 5.90. Ukiandika 6.20, pampu itafyonza hewa huku paneli ikionyesha karibu 5%. Kisha ujifunze mwangwi wa uongo: kihisi hukumbuka miangwi ya vyuma vilivyomo ndani na kuipuuza. Kazi hii ifanywe tangi likiwa tupu au kimiminika kiko chini kabisa, kichanganyio kikizunguka. Ukiifanya tangi likiwa nusu bila kukiambia umbali sahihi, kihisi kinaweza kuuona uso wa kimiminika kuwa chuma cha kupuuzwa, na kila kiwango kitakapopita pale kipimo kitaruka.

Tangi la mazutu lililolazwa linahitaji uangalifu wa pekee. Kimo cha 10% kwenye silinda iliyolala si 10% ya ujazo, ni 5.2% tu. Kimo cha 25% ni 19.6%. Kwa tangi la lita 30,000, paneli isiyorekebishwa itasema lita 3,000 wakati ndani kuna 1,560, na jenereta itazima usiku. Programu ina jedwali la tangi la kulala. Lichague, kisha ulinganishe na fimbo ya kupimia kwenye viwango vitatu, kimoja kiwe chini ya robo. Na rekebisho hilo lifanywe mahali pamoja, ama ndani ya kihisi ama ndani ya otomati, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo. Likifanywa kote kuwili, hesabu inapinda mara mbili.

Kipimo kikiharibika, mita ya miliampea husema mengi kabla hujapanda ngazi. Sifuri kamili: waya umekatika, fyuzi imeungua au nyaya zimegeuzwa. 3.6 au chini, ama 21 au zaidi: kihisi chenyewe kinatangaza hitilafu, mara nyingi mwangwi umepotea. 4.0 isiyotikisika wakati tangi lina kitu: angalia kama kuna mtu aliacha hali ya kuiga mkondo, ambapo kihisi hutoa mkondo wa majaribio badala ya kipimo. Kiwango kinachobaki juu huku pampu ikifyonza: kuna ukoko kwenye uso wa kihisi. Kipimo kinachoruka pale mota inapowashwa tu: kebo imelala na nyaya za nguvu. Ukoko ndio wa kawaida zaidi kwenye mitambo ya kuchenjua shaba, kwa sababu salfeti ya shaba na jasi huganda kwenye kitu chochote kilicho juu ya mvuke. Tabaka jembamba na kavu halizuii, ila tabaka nene lenye unyevu huzuia. Kagua kila baada ya miezi mitatu, safisha kwa maji na kitambaa laini, kisu kisiguse uso ule. Anayefungua flanji ya tangi la asidi avae ngao ya uso, glavu na aproni ya kemikali, na pampu ya kujazia iwe imefungwa kwa kufuli.

Hata kikifungwa kwa ustadi wote huu, C 21 isiachiwe peke yake kazi ya kuzuia tangi kufurika. Kwenye hifadhi ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi kilikwama na swichi ya juu haikufanya kazi. Petroli ikaendelea kuingia hadi ikafurika, na mlipuko ukafuata. Weka swichi ya boya au ya uma unaotetema, yenye nyaya zake, chanzo chake na relei yake, ikate pampu ya kujazia moja kwa moja bila kupitia otomati. King'ora kwa 90%, kukata kwa 95%. Na swichi hiyo ijaribiwe kwa kuamshwa kweli, kwa sababu kuitazama tu hakuonyeshi kama inakata.

Mbadala wa karibu ni Micropilot FMR20 ya Endress+Hauser, nayo ni rada ya nyaya mbili yenye mwili wa PVDF na Bluetooth. Ile ya gigahezi 26 ina mwale mpana zaidi, kwa hiyo inadai tangi lenye nafasi. Kwenye bwawa la wazi au tangi pana la maji, chagua ile ambayo muuzaji wake yuko karibu. Kwenye tangi jembamba lenye vyuma ndani, gigahezi 80 ndiyo yenye manufaa.

Kebo isiyofunguka ina gharama yake: panya au jembe likiikata karibu na mwili, chombo kizima kinabadilishwa. Ipitishe ndani ya bomba tangu sentimita ya kwanza. Tena hakuna kionyeshi juu yake, kwa hiyo anayetaka namba pale chini ya tangi anunue kionyeshi cha mzunguko wa miliampea, kinachokula volti zake, nazo zihesabiwe.

Unapoomba bei, oda iandike: kimiminika na ukali wake kwa asilimia, joto la juu kabisa, urefu wa tangi, kipenyo na urefu wa shingo, aina ya uzi wa skrubu, G au NPT, urefu wa kebo kwa mita, kama eneo linahitaji cheti cha Ex, na kinga mbili za radi. Uliza kama bei imeshabeba ushuru wa mpakani Kasumbalesa na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, na kama flanji ya kufungia imo. Muuzaji akijibu kabla ya kuuliza habari za shingo na kimiminika, mpelekee maswali hayo wewe mwenyewe kwa maandishi, na majibu yake yaambatane na fakture.